Naomba ushauri: mdogo wangu katongozwa na mwanamume mwenzake, sasa anataka kumpiga

Jamani, salamu kutoka Likoni. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, ana kibanda cha kutengeneza simu Kongowea. Juzi usiku mteja wake wa siku nyingi alimwandikia kwamba anampenda. Kwa adabu kabisa, hakuna picha wala maneno machafu, nimeusoma ujumbe mwenyewe. Mkono ulimtetemeka, akaitupa simu kitandani. Tangu hapo anasema lazima ampige mbele za watu, asije akadhaniwa naye yumo.

Mimi pia yalinikuta. Rafiki yangu mmoja wa kike, tukipakana hina, alinishika kiganja akanieleza hisia zake. Moyo ulinidunda, nikamwambia, "Dada, mimi siko huko." Hina ikakauka, tukanywa chai, na mpaka leo tunajuliana hali. Naona sisi wanawake tumezoea kushikana na kulala kitanda kimoja, kwa hiyo neno kama lile halituvui uanamke wetu. Wanaume wao huona wamevuliwa nguo sokoni.

Ninachoogopa ni damu. Kwa sheria yetu ya Kenya, kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, ngono ya wanaume kwa wanaume ni hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019. Yule kijana akiumizwa atathubutu kwenda polisi kweli? Na mdogo wangu akimvunja mtu, je?

Kaka zangu, nyinyi mliowahi kutongozwa mkakataa kwa amani, mlijibu vipi? Na mjomba nimwambie, au atazidi kumchochea?