Utando wa oksidi ya zinki unatoka mweupe na wenye nyufa: nimekosea wapi?

Mwanafunzi wa Fizikia
Habari zenu. Ninatengeneza utando mwembamba wa oksidi ya zinki juu ya vioo vya hadubini, nikizungusha kioo kwa feni ya kompyuta ili mmumunyo utandae, kwa kuwa mashine ya dukani ya kazi hiyo imetushinda bei. Nilitayarisha asetati ya zinki katika ethanoli, moli 1 kwa lita, nikapaka mara moja na kuingiza kioo kwenye tanuri lenye nyuzi 500 za sentigredi. Utando umetoka mweupe kama chokaa, una nyufa, na unabanduka kwa kidole. Nimekosea wapi?

Fundi Maabara
Mmumunyo wako ni mzito mno. Tabaka nene likikauka husinyaa, lakini kwa kuwa limeshikwa na kioo kwa chini, halina njia ila kupasuka. Kwa mililita 50 za moli 0.5 kwa lita, pima gramu 5.5 za asetati yenye maji ya fuwele, uongeze mililita 1.5 za monoethanolamini, ambayo huishika zinki isitengane na kutuama. Koroga kwa nyuzi 60 hadi mmumunyo uwe angavu, kisha uulaze usiku mmoja. Paka tabaka jembamba, likaushe kwa nyuzi 300 kwa dakika 10, urudie mara tano hivi, ndipo uchome kwa nyuzi 450 kwa saa moja.

Mkemia wa Pwani
Naafiki, ila tusisahau unyevu wa hewa: huku kwetu pwani tabaka bichi likicheleweshwa kukaushwa hugeuka jeupe lenyewe, hata mmumunyo ukiwa sahihi. Kioo nacho kioshwe kwa sabuni, asetoni na ethanoli. Tone la maji likijikusanya badala ya kutandaa, bado kina mafuta. Usishawishike kuacha ethanoli na kuhamia kiyeyusho kiitwacho methoksiethanoli, ingawa wengi hukitumia, kwani hudhuru uzazi.

Mwanafunzi wa Fizikia
Nashukuru. Feni yangu huzunguka mara 2,000 kwa dakika, inatosha?

Fundi Maabara
Inatosha, mradi isiyumbe. Ikiyumba, tumbukiza kioo kwenye mmumunyo na ukivute juu polepole kwa mwendo usiobadilika. Kadiri unavyovuta taratibu ndivyo tabaka linavyokuwa jembamba. Ukiwa na spektrofotomita, yaani kifaa cha kupima mwanga unaopita na unaofyonzwa, utaona kuwa utando mzuri hupitisha mwanga unaoonekana, na ufyonzaji hupanda ghafla karibu na nanomita 375, kwenye urujuanimno.