Eti "kwani unataka daktari wa nini, nywele tu hizi!" Huyu jamaa wa kupandikiza nywele amenivuruga

Paji_Refu (mleta mada):

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, kwa hiyo asije mtu hapa kunidai aya na nukta.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa video za kabla na baada, ambapo "kabla" mtu kaloweshwa kichwa, kainamishwa chini ya taa kali ya chumba cha mahojiano ya polisi, na "baada" nywele zimekaushwa, zimepuliziwa poda nyeusi, na taa wamezima nusu. Yule anayejiita profesa wa nywele. Jina silitaji kwa sababu ana wanasheria wengi kuliko madaktari, na madaktari kwa nilivyoona leo ni sifuri.

Nimeingia kwa ushauri wa bure. Napokelewa na kijana wa koti jeupe, stethoskopu shingoni. Stethoskopu ya nini kwenye nywele? Anasikiliza mapigo ya kipara? Nikanyamaza, mgeni hana ujuaji. Nikauliza swali moja tu, la kistaarabu, sauti ya chini kabisa: "Samahani, atakayenitoboa kichwa ni wewe au kuna daktari?"

Akacheka. Akamgeukia dada wa mapokezi, akasema, nanukuu neno kwa neno: "Huyu naye anataka daktari! Kwani unataka daktari wa nini kaka, nywele tu hizi, hatukubadilishi figo."

FIGO wakuu. FIGO!

Dada wa mapokezi akacheka. Mlinzi wa mlangoni akacheka. Nadhani hata mteja aliyekuwa chumba cha pili amelala kifudifudi na ganzi kichwani naye alicheka.

Sasa nyie niambieni. Mtu anachomwa sindano za ganzi kichwa kizima. Kisogo kinatobolewa matundu elfu na zaidi, kila tundu halifiki hata milimita 1 au linafika kwa shida. Mizizi inakaa kwenye maji ya chumvi ya baridi ikisubiri. Kisha mbele nako kunatobolewa, na kila mzizi unachomekwa kwa pembe yake, maana ukikosea pembe nywele zinasimama zote zinatazama dari hadi unaingia kaburini. Kutwa nzima uko pale. Ganzi ikipitiliza kipimo mtu anaweza kupata degedege, moyo ukayumba. Halafu mtu na koti lake jeupe anakwambia hatukubadilishi figo!

Nikauliza leseni. Akasema vyeti viko ukutani. Nikasimama nikaenda ukutani, miwani nimevaa. Kimoja ni cha kuhudhuria semina. Kingine ni cha huduma bora kwa wateja, huduma bora, aliyenichekea mbele ya mlinzi. Cha tatu, naapa, ni cha mashine. MASHINE ina cheti. Yeye hana.

Nikiwa bado nasoma cha mashine, akanijia na kalamu akanichora mstari kwenye paji. "Nywele zako zitaanzia hapa." Vidole viwili juu ya nyusi! Mwanamume mtu mzima mstari wake hukaa sentimita 7 na kuendelea kutoka katikati ya nyusi, mimi kanirudisha chekechea. Na hapohapo akatamka "wewe ni vipandikizi 5,000, punguzo linaisha leo", kisogo changu hajakigusa, hajakitazama, hajui hata kama ninacho. Na kisogo ndiko kila kitu kinakotoka! Mzizi ukishang'olewa kule hauoti mwingine.

Nina miaka 26. Upara wangu bado uko safarini. Daktari wa kweli angeniuliza baba ana kichwa gani, wajomba wana kichwa gani, angeniambia pengine tuanze na dawa tuone unaishia wapi, maana ukijaza mbele leo, kesho nyuma yake kunakimbia na unabaki na kisiwa. Huyu kaniuliza nalipa kwa simu au taslimu.

Hatukubadilishi figo. Yaani nimetoka pale naisikia njia nzima. Sina swali, sitaki ushauri, nimekuja kutukana ila wasimamizi wa humu nao wana roho mbaya.

Nyoosha_Maelezo:
Weka picha ya huo mstari. Bila picha hii ni chai.

Mzee_wa_Siti_ya_Mbele:
Mkuu pole sana. Nimejitahidi kusikitika hadi nilipofika kwa mteja mwenye ganzi. Nimeshindwa.

Paji_Refu:
Sicheki mimi. Nimesugua kwa sabuni, mafuta na spiriti. Mstari uko palepale, mimi ndiye ninayechubuka.

Kijiti_cha_Tatu:
Huo ni mstari wa nywele au wamekupimia mpaka wa kiwanja?

Upara_Rasmi:
Nyoa zote kaka. Mimi siku hizi nikiona chanuo naulizia ni chombo cha kazi gani. Upara ni heshima, watu wananipisha kiti.

Paji_Refu:
@Upara_Rasmi wewe kichwa chako cha duara, Mungu alikuandaa. Changu kina mabonde na milima, nikinyoa watalii watakuja.

Muuguzi_wa_Zamu:
Mleta mada una hoja nzito ila umeizika kwenye kelele. Swali ulilouliza ndilo swali lenyewe: nani anashika chombo? Sehemu nyingi duniani unamwona daktari kwenye picha, siku ya kazi anakusalimia, anachora, anaondoka, wanaobaki kukukata ni watu waliojifunza kwa kuangalia. Wasaidizi kupanga na kusafisha vipandikizi ni kawaida, hata kuvichomeka kwenye matundu ambayo daktari kashayafungua. Lakini kupima, kupanga, kukata ngozi na kutoboa ni kazi ya daktari. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele, ISHRS, kipo tangu 1993 na kina kampeni nzima ya kuonya watu juu ya kliniki za namna hiyo. Na uanachama wa chama si leseni. Leseni unaitafuta kwa jina la daktari kwenye rejesta ya baraza la madaktari la nchi husika. Ukutani usitafute.

Halafu video zake zipuuzeni. Baada ya upasuaji nywele zilizopandikizwa nyingi hudondoka ndani ya wiki za mwanzo, zinaanza kuchomoza mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo ya kuhukumu ni mwaka mzima, utosini hata zaidi. Anayekuonyesha "baada" ya wiki mbili anakuonyesha nywele zinazojiandaa kuanguka. Mwombe picha za mwaka, taa ileile, kichwa kimelowa vilevile. Na kwa sisi wenye nywele za kipilipili kuna la ziada: mzizi umejikunja chini ya ngozi, hauendi wima. Anayezamisha kitoboleo wima anaukata katikati, unapandwa ukiwa maiti. Mwulize kaishafanya vichwa vingapi vya nywele kama zako. Na kama una historia ya makovu ya kuvimba, mwambie kabla, hata kama hajauliza. Asipouliza, ondoka.

Kwa faida ya wengine, jambo hili halikuanza jana. Norman Orentreich alichapisha 1959 kule New York maelezo ya kwa nini nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele zinaendelea kuishi...

Kijiti_cha_Tatu:
Mkuu, kuna mtihani kesho?

Mzee_wa_Siti_ya_Mbele:
Mimi nimeandika hadi ya 1959 kwenye daftari.

Mteja_Halali_01 *(amejiunga leo)*:
Habari. Mimi ni mteja nilihudumiwa hapo na nywele zangu zimejaa vizuri sana. Watu wana wivu na mafanikio ya wengine. Wahudumu ni wacheshi tu, msichukulie vibaya utani. Punguzo limeongezwa hadi Jumapili, njooni PM.

Nyoosha_Maelezo:
Huyu hapa figo mwenyewe.

Paji_Refu:
NDIYE HUYU! "Wacheshi tu"! Nitakuonyesha ucheshi! Jibu hapa mbele ya watu: daktari wenu anaitwa nani na namba yake ya usajili ni ipi?

Mteja_Halali_01 *(amejiunga leo)*:
Vyeti vipo ukutani.

Upara_Rasmi:
🤣🤣🤣 Jamani nakufa

Shemeji_wa_Mtu:
Mimi shemeji yangu alienda Uturuki kabisa, Istanbul, maana wanasema ndiko makao makuu ya mambo haya. Wapo madaktari wazuri kule, sikatai. Yeye alichagua kwa kuangalia hoteli. Daktari alimwona kwenye selfi, basi. Waliomfanyia hata lugha hawakuelewana, alikuwa anaashiria kwa vidole inapouma. Mbele pamejaa, ila kisogo wamekichimba hadi mabaka yanaonekana, sasa hanyoi fupi, hageuzi mgongo kwenye picha ya familia. Lakini ukimgusa anakwambia hoteli ilikuwa na kifungua kinywa.

Dada_Kilemba:
Nyie mnalia kwa kuchorwa kalamu. Mimi msusi kaninyofoa nywele za pembeni zote, kushoto na kulia, kwa kubana. Kila nikisema inauma ananikandamiza kichwa kwa magoti, "vumilia shoga, urembo una gharama". Gharama nalipa mimi, urembo uko wapi?

Na nilienda kwa huyohuyo wenu. Akataka kunipandikiza palepale. Nashukuru nilipitia kwa daktari wa ngozi kwanza, akanikagua utosi, akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwa. Kuna upara wa kuvutwa na kuna upara wa makovu, ule unaoanzia utosini ukitanuka, na ukipandikiza wakati ugonjwa bado uko hai unapoteza vipandikizi na pesa. Profesa wenu hata hakunivua kilemba. Alinipa idadi kupitia kitambaa.

Lakini simsamehi yule msusi. Ananisuka huku anaongea na simu!

Binti_Mkorofi:
Huyo wa kuongea na simu ni mmoja tu au wamezaliwa mapacha nchi nzima? Wangu anasuka, anaongea na simu, anakula, na mkono wenye mafuta ya chakula unarudi kichwani kwangu.

Dada_Kilemba:
Na ukimwambia umechelewa kazini anakwambia bado kidogo, wakati nusu ya kichwa haijachambuliwa.

Kijiti_cha_Tatu:
Afadhali nyie. Vinyozi je? Unamwambia punguza pembeni kidogo tu, anaitikia "sawa bosi" macho yake yako kwenye mpira. Goli likiingia anaruka na mashine iko kichwani kwako. Mimi nina njia ya ndege kuanzia sikio.

Upara_Rasmi:
Mimi shida hiyo sina. Nawasikiliza tu.

Paji_Refu:
Jamani, turudi kwenye mada. Mtu kaniambia hatukubadilishi figo.

Binti_Mkorofi:
Tumesoma mkuu. @Kijiti_cha_Tatu halafu anakuonyesha kioo kwa nyuma anauliza "umependa?", ukisema hapana atazirudishaje?

Muuguzi_wa_Zamu:
Naomba nimalizie ile ya 1959.

Nyoosha_Maelezo:
Hapana.

Jino_Moja:
Nyie wote mnacheza. Nywele huota, au unavaa kofia. Mimi daktari wa meno kaning'oa jino zima akaliacha bovu. Nimemwonyesha kwa kidole, hili hapa. Akasema "nimekuelewa", akashika la pembeni yake. Nilipolia akasema ni maumivu ya kawaida.

Shemeji_wa_Mtu:
Subiri. La juu au la chini?

Jino_Moja:
La juu kulia. Na alipogundua akaniambia hata hilo lingeharibika mbele ya safari, amenisaidia.

Mzee_wa_Siti_ya_Mbele:
😳 Amekusaidia!

Dada_Kilemba:
Unamsema yule wa matangazo ya tabasamu? Yule mwenye meno meupe yanatangulia kuingia mlangoni? Mimi alinibandika kofia ya jino, ikatoka nikiwa kwenye harusi, kwenye maikrofoni.

Jino_Moja:
Huyohuyo! Kumbe tuko wengi?

Binti_Mkorofi:
Fungueni uzi wake jamani, huyu anastahili wa kwake. Nina ya mdogo wangu ya vyuma vya meno, nikiisimulia hapa wasimamizi wataniondoa.

Jino_Moja:
Nafungua sasa hivi. Mdomo mmoja bado una ganzi ila vidole viko vizuri.