Naomba ushauri: baiskeli ya resi ya zamani ya kwendea kazini, nichukue Peugeot au Miyata?

Mkaazi wa Sinza

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninaishi Sinza na ofisi yetu iko Posta, umbali wa kama kilomita kumi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na nimechoka kugombania daladala kila asubuhi. Nimeamua kununua baiskeli. Bajeti yangu ni shilingi 350,000, na kwa fedha hiyo baiskeli mpya ninazozikuta madukani ni zile za mlimani za bei nafuu, nzito, zenye springi mbele ambazo kwenye lami hazina kazi yoyote zaidi ya kumchosha mwendeshaji. Kwa hiyo nimezunguka kwa wauzaji wa mtumba, na zimenivutia baiskeli mbili za resi, zote fremu za chuma, ambazo kwa mtazamo wangu zilitengenezwa kati ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ya kwanza ni Peugeot ya kijani. Rangi bado ni nzuri, rimu zinang'aa, krenki (mikono inayoshika pedali) zimefungwa kwa kotapini (pini za chuma za kubana), gia ni tano nyuma na mbili mbele, na tairi zake zimeandikwa 700C. Muuzaji anataka 320,000. Ya pili ni Miyata ya Kijapani, nyekundu iliyopauka, yenye gia sita nyuma na rimu zisizong'aa. Tairi zake zimeandikwa 27 x 1¼, na ya nyuma imepasuka ubavuni kiasi cha kuona nyuzi. Hiyo anaiuza 260,000. Urefu wangu ni sentimita 174 na zote mbili ninaweza kusimama juu ya bomba la juu bila kuumia.

Sitaficha kwamba moyo wangu uko kwa Peugeot. Naomba mnieleze nikague nini kabla ya kutoa fedha, na kama baiskeli za namna hii zinaweza kweli kuhimili Barabara ya Morogoro, hasa wakati wa masika.

Fundi Gololi

Mkuu, kabla ya kuzungumzia jina lililoandikwa kwenye fremu, tafuta sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu, uiguse kwenye rimu za baiskeli zote mbili. Ikinasa, rimu ni ya chuma iliyopakwa kromu. Isiponasa, ni ya aluminiamu. Kwa maelezo yako ninakisia kwamba Peugeot itanasa na Miyata haitanasa, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kubadili uamuzi, kwa sababu breki za baiskeli hizi hubana rimu yenyewe, na kromu ikilowa raba huteleza juu yake kiasi kwamba unavuta breki, unahesabu, na baiskeli bado inakwenda. Kiangazi hutaligundua jambo hilo. Utaligundua mwezi wa Aprili, wakati bodaboda imekata mbele yako. Raba mpya husaidia kidogo, lakini haziigeuzi rimu ya chuma kuwa ya aluminiamu.

Jambo la pili ni thredi, yaani mizunguko ya skrubu. Peugeot za miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa vipimo vya Kifaransa, ambavyo viwanda vyenyewe vilikuja kuviacha katika miaka ya 1980. Vikombe vya gololi vinavyobeba ekseli ya krenki vina kipenyo cha milimita 35 na thredi ya milimita 1, na vyote viwili hufungwa kwa kugeuzia kulia, ilhali kwenye vipimo vya Kiingereza, ambavyo Wajapani waliviiga, kikombe cha upande wa cheni hufungwa kwa kugeuzia kushoto. Fundi asiyejua tofauti hiyo atakunyongea kikombe mpaka aharibu fremu. Pedali nazo ni za milimita 14, hivyo pedali ya kawaida ya inchi 9/16 utakayoinunua Kariakoo haitaingia. Shingo ya usukani ni milimita 22.0 badala ya 22.2. Ni tofauti ndogo sana, lakini inatosha kukukwamisha Jumamosi nzima.

Kotapini hazinitishi, kwa sababu mafundi wetu wamezizoea kwenye baiskeli za mizigo. Hilo usiwe na wasiwasi nalo.

Miyata ikague hivi. Chukua uzi mrefu, ufunge mahali ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaza upande mmoja, uupitishe mbele kuzunguka bomba la usukani, kisha uurudishe nyuma na kuufunga upande wa pili. Halafu pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la siti, kushoto na kulia. Zikilingana, au zikipishana kwa milimita moja au mbili tu, fremu imenyooka. Baada ya hapo pitisha kidole chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, karibu kabisa na linapoungana na bomba la usukani. Ukikuta uvimbe au rangi iliyopasuka kwa mstari wa kukingama, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele, na hapo ondoka bila hata kupatana bei.

Njia Kavu

Kwa heshima zote, nyote mnamhangaisha ndugu yetu. Achukue Phoenix iliyotumika, ile baiskeli ya mizigo, abaki na chenji ya chakula cha mwezi, tairi na tyubu zipo hadi vijijini, na hakuna mtu atakayeipigia hesabu ya kuiiba. Resi ni za watu wanaokimbizana.

Binti Magomeni

Njia Kavu, hoja yako ya vipuri ni ya kweli, lakini jaribu kuipandisha Phoenix kutoka Jangwani kwenda Magomeni jua la saa kumi likiwa usoni, isiyo na gia hata moja, halafu uje utusimulie. Baiskeli ya resi ya chuma yenye kilo kumi na mbili au kumi na tatu ni kitu kingine kabisa katika kilima kile.

Ndugu wa Sinza, mimi hupita njia hiyohiyo, kwa hiyo nitakueleza ya barabarani na ya fundi nitamwachia fundi. Njia ya baiskeli iliyojengwa pamoja na ile ya mabasi yaendayo haraka inafaa, lakini usiitegemee kuwa ya kwako peke yako, kwa kuwa utaikuta na bodaboda, meza za wauza matunda, magari yaliyoegeshwa, na kwenye makutano inakatika ghafla kwa ukingo wa zege ambao kwa tairi nyembamba ni pancha ya uhakika. Kwa sababu hiyo usikubali tairi ya milimita 23. Milimita 28 ndicho kiwango cha chini, na 32 ni bora zaidi ikiwa fremu ina nafasi. Masika yakikolea, Jangwani hujaa maji, na siku hiyo baiskeli yoyote, ya Mfaransa au ya Mjapani, inabaki nyumbani.

Angalia pia kama fremu ina matundu ya skrubu karibu na ekseli ya nyuma na ya mbele. Bila hayo, madigadi na keria vitafungwa kwa waya na mipira, na utakuwa ukifika kazini na mstari wa tope mgongoni. Begi la mgongoni kwa joto la Dar sikushauri, kwani shati litakuwa limelowa kabla hujafika Fire. Na uliza mapema kazini kwako utaiweka wapi, maana walinzi wengine wana roho ngumu kwa baiskeli kuliko kwa gari.

Mswahili wa Utrecht

Ninaandika kutoka Uholanzi, ambako baiskeli za namna hii zimejaa, na nyingine ninaamini ndizo zinazopakiwa kwenye makontena ya kuja huko. Naomba niongeze jambo moja tu, nalo ni tairi, kwa sababu ndipo Miyata inapoweza kumsumbua.

Usisome inchi. Soma namba ya milimita iliyochongwa ubavuni mwa tairi, mfano 32-622. Namba ya pili ndiyo kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu. Tairi ya 700C ni 622. Tairi ya 27 x 1¼ ni 630. Tairi ya 28 x 1½, ile ya Phoenix na Raleigh za mizigo, ni 635. Kwa macho zote tatu zinafanana, lakini hakuna inayoingia kwenye rimu ya mwenzake. Tatizo linaongezwa na ukweli kwamba huku Ulaya tairi ya 622 huandikwa pia inchi 28, kwa hiyo muuzaji anaweza kukuapia kwamba amekupa 28 na akawa hasemi uongo, na bado tairi ikakataa kuingia.

Sasa, 622 inatengenezwa kila mahali duniani, kwa sababu ndicho kipimo cha baiskeli nyingi za leo za barabarani. 630 bado inatengenezwa, lakini ni ya kuagiza. Kwa hiyo anayenunua Miyata aichukulie kama fremu nzuri yenye magurudumu ya muda, atumie zilizopo huku akitafuta magurudumu ya 700C ya aluminiamu kutoka baiskeli nyingine ya mtumba. Tofauti ya kipenyo ni milimita 8, maana yake rimu itashuka milimita 4 kutoka kwenye breki, na breki nyingi za zama hizo zina nafasi ya kuteremsha raba kwa kiasi hicho. Faida yake ni kwamba unapata pia nafasi ya tairi nene zaidi, ile ambayo Binti Magomeni anaidai.

Mkaazi wa Sinza

Nawashukuru sana. Leo nimerudi kwa muuzaji na sumaku, uzi na rula, na wateja wengine walidhani mimi ni mkaguzi wa serikali.

Sumaku ilinasa kwenye rimu za Peugeot na haikunasa kwenye za Miyata, kama Fundi Gololi alivyokisia. Fremu ya Peugeot imenyooka, lakini nilipoomba nguzo ya siti (ile inayoingia ndani ya bomba la siti) ipandishwe haikusogea hata baada ya kijana wa dukani kuipiga kwa nyundo ya mbao. Miyata kwa uzi ilipishana chini ya milimita mbili, sikuona uvimbe popote, nguzo ya siti na shingo ya usukani vilitoka vizuri, na nilipomulika tochi ndani ya bomba la siti niliona kutu nyepesi ya unga, si ya magamba. Ina matundu ya madigadi nyuma na mbele. Muuzaji ameshuka hadi 220,000 kwa sababu ya tairi iliyopasuka.

Yamebaki mambo mawili. Nimepata kwa fundi wa mtaani gurudumu la nyuma la 700C, lakini anasema ni la gia nane na halitaingia kwenye fremu ya gia sita. Pia usukani una vishikizo vya breki viwili kila upande, vile vya kawaida na vingine virefu vinavyopita chini ya sehemu bapa ya juu. Je, hivyo ni vizuri kwa mjini?

Fundi Gololi

Nguzo ya siti ya Peugeot isikuumize kichwa tena. Aluminiamu ikikaa ndani ya chuma kwa miaka katika hewa ya chumvi kama yetu hushikana, na kuitoa nguzo hiyo wakati mwingine ni kuikata kwa msumeno kutoka ndani. Kama urefu wa siti haukufai hivi ulivyo, baiskeli hiyo si yako.

Kuhusu gurudumu, fundi wako ana sababu ya kusema hivyo, lakini hajamaliza hesabu. Fremu za gia sita kwa kawaida zina upana wa milimita 126 mahali habu (kitovu cha gurudumu) inapokaa, na habu za resi za gia nane ni 130. Chuma kinakubali kutanuliwa kwa milimita mbili kila upande, na mara nyingi unaivuta tu kwa mikono wakati wa kuingiza gurudumu. Usifanye hivyo kwa fremu ya aluminiamu au ya kaboni. Hakikisha tu kwamba habu si ya baiskeli ya mlimani, kwa kuwa hizo ni 135 na hapo utakuwa unalazimisha. Gia za baiskeli yako zinaongozwa kwa vishikizo vya msuguano kwenye bomba la chini, visivyo na hatua za kuhesabu, kwa hiyo havijali kama nyuma kuna meno ya gia sita au nane, mradi cheni iwe nyembamba inayolingana na friwili au kaseti (fungu la meno ya nyuma) utakayoweka.

Cheni yenyewe ipime kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, na pini ya inchi 12 iangukie juu ya alama kamili. Ikiwa imeivuka kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha na huenda meno yameliwa pia, hivyo katika mazungumzo ya bei iingize na hiyo.

Vile vishikizo virefu vitoe. Vilikuwa vya mtindo katika miaka ya 1970, lakini vinavuta waya kwa urefu mfupi na vinapinda, na kwenye breki ya ghafla vinagusa usukani kabla gurudumu halijasimama. Ukitoa, waya zibadilishe zote nne, za breki na za gia, pamoja na raba. Mikono yako iweke juu ya vishikizo vya kawaida, ndipo utaona magari vizuri na breki iko kidoleni. Usihangaike kuweka usukani mnyoofu wa baiskeli ya mlimani, kwa sababu bomba lake ni la milimita 22.2 na la resi ni 23.8, na vishikizo vyako havitafunga.

Kabla hujalipa, muombe huyo fundi akuazime gurudumu la 700C kwa saa moja, mwende nalo dukani, mliingize kwenye Miyata na kuteremsha raba za breki hadi mwisho. Raba ikigusa rimu katikati, lipia baiskeli 220,000 na upatane bei ya gurudumu hapohapo. Ikigusa tairi, tafuta kwanza breki zenye mikono mirefu zaidi na ujue bei yake, ndipo urudi kwa muuzaji.