Kinanda cha mabomba Kampala: mmoja analia, mwingine anatoka. Mlioenda mlisikia nini?

FundiSpika_Katwe

Habari zenu wakuu. Kazi yangu ni kutengeneza spika na amplifaya hapa Katwe, kwa hiyo lugha ya wanamuziki msiitafute kwangu. Jumapili jioni binti yangu, anayeimba alto kwenye kwaya, alinikokota hadi kanisani kusikiliza kinanda cha mabomba, lile dude lenyewe, si hivi vya Yamaha. Vipande vyote vya Wajerumani wa zamani, Buxtehude na Bach.

Kitu cha kwanza nilitafuta spika. Hakuna. Jamaa anayepiga akakanyaga kitufe cha chini kwa mguu wa kushoto, benchi likatetemeka mpaka funguo zikalia mfukoni mwangu. Mimi nikikufungia sabufa ya inchi 18 ifike huko chini, itakula umeme wa mtaa mzima na bado itakoroma. Hii haikukoroma hata kidogo.

Sasa swali. Tulipotoka nje hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Mama mmoja aliyevaa gomesi ya kijani anafuta machozi. Vijana waliokaa nyuma yangu walisema huu ni muziki wa sinema za mizimu, wakaondoka mapema. Mzee mmoja analalamika masikio. Binti yangu naye amenuna kwa sababu watu walipiga makofi kabla kipande cha mwisho hakijaisha. Hivi kweli tulisikia kitu kimoja? Na hicho cha mwisho, Passacaglia, mbona niliona miguu inarudia jambo lilelile tu? Au nilikuwa nimechoka?

MpigaKinanda_Jinja

Kaka, hukuchoka, masikio yako mazima. Passacaglia ya Bach ya C maina ndivyo ilivyo. Miguu, kwenye vitufe vyake vya chini, inaanza peke yake na wimbo mfupi wa mizani nane, halafu wimbo huo unazungushwa mara 20, na kila mzunguko mikono inaleta jambo jipya. Kuna mahali wimbo unapanda hadi sauti ya kwanza, ukidhani miguu imeacha kazi. Kisha bila kupumzika inaingia fuga, yaani sauti moja inaanza wimbo na nyingine zinaingia moja moja zikiufuata, nayo imejengwa juu ya nusu ya kwanza ya wimbo uleule.

Kuhusu benchi: kwenye safu ya mabomba tunayoiita futi 16, bomba refu kuliko yote lina karibu mita 5 na linatoa kama hezi 33, yaani mitikisiko 33 kwa sekunde. Wewe wa sabufa unajua hezi 33 ni nini. Koni ya spika inalazimishwa na umeme kuisukuma hewa. Bomba halisukumi kitu, hewa iliyomo ndani yake ndiyo inayotikisika.

Mzee wa masikio alikaa mbele, sivyo? Kuna kishikio tunachokiita mikscha. Ukikivuta, kila kitufe unachobonyeza kinapuliza vibomba vidogo kadhaa kwa mpigo, vyote vya sauti ya juu kabisa. Ukiwa chini yake ni sindano. Ukikaa katikati ya kanisa inakuwa mng'ao tu.

Na binti mwambie asinune. Karibu na mwisho wa fuga muziki unasimama ghafla kwenye mlio mmoja mkubwa, kimya, halafu ndiyo unaendelea kumalizia. Hata mimi nisiyekuwepo najua makofi yalipigwa hapo. Bach mwenyewe ndiye aliyewatega.

Kijana_wa_Bwaise

Huenda mimi ni mmoja wa hao wa nyuma, mzee, samahani kwa kelele. Nilitoka nikaenda kula rolex, chapati yetu ya mayai. Ile ya kuanzia, Toccata ya D maina, sinema za kutisha zimeitumia mpaka basi, sasa nikiisikia namsubiri mtu mwenye jeneza. Halafu mdundo uko wapi? Mnatuambia ni muziki mkubwa, sawa, lakini mwili wangu haukupata pa kushika.

MjukuuWaMengo

Mdundo upo, mwanangu, ila hakuna ngoma ya kukuonyesha. Babu yangu alipiga amadinda, marimba ya mbao ya Waganda. Vibao 12, watu watatu. Wawili wanakaa wakitazamana, huyu anapiga katikati ya mapigo ya yule, na wa tatu ana vibao viwili tu vya juu. Wakishika kasi unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga, unajitokeza wenyewe. Mgeni wa amadinda husema ni fujo. Mimi pale kanisani niliacha kufuata wimbo wa juu, nikashikilia sauti ya katikati, na kila kitu kikajipanga. Yule wa gomesi si mimi, lakini ningeweza kuwa yeye.

MpigaKinanda_Jinja

Mama, nakubali kwa masikio, nakataa kidogo kwa ufundi. Kwenye amadinda kila mtu ana kipande, na wimbo unazaliwa wakiunganika. Kwenye fuga kila sauti ina wimbo wake mzima, ungeweza kuuimba peke yake. Lakini zoezi la msikilizaji ni hilohilo ulilofanya.

FundiSpika_Katwe

Na hewa inatoka wapi? Feni?

MpigaKinanda_Jinja

Siku hizi ndiyo, feni ya umeme. Umeme ukikatika, sauti inalegea, inashuka, inakufa. Enzi za Bach palikuwa na watu wa kukanyaga mivukuto.

Kijana wa Bwaise, hili lako. Mwaka 1705 Bach, umri miaka 20, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Arnstadt, Ujerumani. Aliomba ruhusa ya wiki nne, akatembea kilomita kama 400 hadi mji wa Lübeck kumsikiliza huyuhuyu Buxtehude. Kwenda na kurudi akatoweka karibu miezi minne. Aliporudi, Februari 1706, wazee wa kanisa wakamweka kitimoto: anatia sauti za ajabu ndani ya nyimbo, waumini wanapotea. Na kabla ya hapo alikuwa ameambiwa anapiga muda mrefu mno, basi akaanza kupiga muda mfupi mno.

Kijana_wa_Bwaise

Kumbe hata wenyewe walimlalamikia! Na huyo wa ruhusa ya wiki nne, bosi wangu angemfukuza siku ya kwanza ya wiki ya tano.

Haya, wakipiga tena nitakuja. Nitakaa katikati kama ulivyosema, ila kwenye benchi la pembeni, njaa ikiuma nisisumbue watu.

FundiSpika_Katwe

Njoo, nami nakuja na kipimasauti changu. Hizo hezi 33 nataka kuziona kwa macho.