Naomba ushauri: kulala kwenye hema ufukweni na watoto, Kigoma

Wakuu habari za jioni, na shikamooni mliotutangulia.

Tuko Kigoma mjini, mimi, mke wangu na watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Likizo ya Juni tunataka kulala siku mbili kando ya Ziwa Tanganyika kwenye hema, maana vyumba vya kulala watu watano vinatuzidi uwezo. Gombe tumeiacha kwanza, huko hufiki bila boti na kuna kiingilio cha hifadhi.

Hema nimeazima kwa shemeji. Jumamosi tulilijaribu uani. Saa nane usiku upepo uling'oa vigingi viwili, na asubuhi shuka za chini zimelowa utadhani zimetoka kufuliwa, wakati mvua haikunyesha hata tone! Mdogo alilia akitaka kitanda chake, roho ikaniuma sana.

Chakula hakinipi shida: jiko la mkaa, unga na dagaa tunao.

Naomba kujua, chini ya hema mnatandika nini ili unyevu usipande, turubai linatosha au niongeze mkeka? Na kwenye mchanga, vigingi mnavikazaje vising'oke? Hasa aliyewahi kulala ufukweni na watoto wadogo, tafadhali anisaidie.