Pikipiki ya umeme kwa kazi ya bodaboda: betri yako, betri ya kituoni, au kubadilisha Boxer uliyonayo?

Mzee_Tabata

Habari za kazi wakuu. Nina Boxer 150, pikipiki ya mafuta, ambayo kijana wangu anaifanyia bodaboda, ananiletea hesabu (fedha ya siku) kila jioni. Imechoka sasa. Inakula oili, spea zinanimaliza, na bei ya mafuta ndiyo hiyo mnaiona. Nataka kuingia kwenye umeme, nimezunguka Kariakoo na kwa wauzaji wengine wawili watatu, nikabaki na njia nne mkononi.

Ya kwanza ni pikipiki kamili yenye betri ya lithiamu, 72V 45Ah, betri inakuwa mali yangu na inachajiwa nyumbani. Ya pili ni ya kampuni: unanunua pikipiki, betri inabaki yao, ikiisha unakwenda kituoni kwao unabadilisha. Ya tatu ni skuta ndogo ya betri za asidi, bei yake nyepesi kabisa, na muuzaji ameniapia kwamba haihitaji kadi ya usajili wala bima kwa sababu haina injini. Ya nne, kuna fundi anasema ataing'oa injini ya Boxer hii hii na kunifungia mota.

Kijana anakaa Mbagala, chumba cha kupanga, LUKU (umeme wa kulipia kabla) wanachanga wapangaji wote. Anapiga kazi Mbagala hadi Posta, siku nyingine anafika Tegeta. Naomba mnisaidie kwa hesabu.

Fundi_Temeke

Mzee shikamoo. Nianze na hesabu kama ulivyoomba.

Betri ya 72V 45Ah inabeba 3.24 kWh, yaani uniti tatu na robo. Chaja inapoteza kidogo kwa joto, kwa hiyo kwenye LUKU weka uniti 3.7 kwa kujaza kutoka sifuri. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO ukijumlisha kodi, uniti moja ni kama shilingi 357, basi kujaza ni kama 1,300. Ukiwa na abiria na foleni za Dar, tegemea kilomita 60 hadi 70, usiamini namba ya kwenye karatasi ya matangazo. Boxer kwa umbali huo inakunywa karibu lita moja na robo tatu. Weka lita kwa 3,000, unapata zaidi ya 5,000. Hapo umeme umeshinda bila ubishi.

Ila kazi ya siku nzima ya Mbagala–Posta–Tegeta haiishii kilomita 70, mzee. Dereva wa bodaboda anayetafuta hesabu anavuka 100 kwa siku. Kwa betri moja atakwama saa nane mchana na chaja iko nyumbani. Kwa hiyo njia ya kwanza ipigie hesabu ya betri mbili, au awe na mahali pa kuchajia mchana, vinginevyo hesabu yako ya jioni itapungua na mtaanza kulaumiana.

Halafu hiyo LUKU ya kuchanga. Chaja ya 10A inavuta kama pasi ya kunyooshea nguo, tena kwa zaidi ya saa nne mfululizo. Hata akijaza mara moja tu kwa siku, siku 26 za kazi ni uniti 96 kwa mwezi. Nyumba yenye matumizi madogo, ile inayolipa shilingi 100 kwa uniti, haitakiwi kuvuka uniti 75. Pikipiki peke yake itawatoa wenzake kwenye bei hiyo. Nimeona wapangaji wakikosana vibaya kwa jambo hili. Mwambie azungumze na mwenye nyumba kwanza, mfunge mita ndogo kwenye laini ya chaja, kila mwisho wa mwezi alipe anachotumia.

Rider_Umoja254

Mimi niko Nairobi, naendesha ya kubadilisha betri. Niseme ninachokijua kuhusu njia ya pili.

Uzuri wake ni muda. Unafika kituoni, unatoa iliyoisha, unaingiza iliyojaa, unaendelea na kazi kabla abiria hajachoka kusubiri. Betri ikizeeka ni shida ya kampuni. Kwa mtu wa chumba kimoja kama huyo kijana, hakuna ugomvi wa stima na majirani.

Ubaya: unafanya kazi pale vituo vilipo. Ukipata mteja wa mbali lazima ujiulize kama utarudi. Jioni kila mtu anataka betri, unaweza kukuta foleni au zilizopo hazijajaa. Na betri hizi zina laini ya mtandao ndani, kampuni inaiona ilipo na inaweza kuizima kwa mbali ukichelewa kulipa. Soma mkataba uone betri ikiibwa ukiwa nayo nani analipa. Rafiki yangu aliporwa usiku, betri ikaandikwa deni lake, na ilibidi auze vitu vya nyumbani. Mkataba ulikuwa umesema hivyo, ukurasa wa nyuma.

Huku Kenya tuna kampuni kadhaa. Ampersand na Spiro ni za kubadilisha, Roam betri yake unaweza kuitoa na kuchaji kwenye soketi ya kawaida. Mwaka 2023 Kenya Power ilianzisha bei maalumu ya kuchaji vyombo vya umeme, wakati huo shilingi 16 kwa uniti na 8 saa zisizo na msongamano, kabla ya makato mengine. Hiyo inasaidia wenye vituo zaidi kuliko sisi tunaochaji kwa nyumba.

Dada_wa_Bima

Naomba mnisikilize kwenye njia ya tatu, maana huyu muuzaji anakupeleka pabaya, mzee.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haiulizi kama chombo kinakunywa petroli. Inaangalia kama kinajiendesha kwa nguvu ya mtambo, na mota ya umeme ni mtambo. Skuta inayobeba mtu na kukimbia barabarani bila kupiga pedali ni chombo cha moto. Inatakiwa isajiliwe TRA (mamlaka ya mapato), iwe na kadi na namba, mwendeshaji awe na leseni ya daraja la pikipiki, na avae kofia ngumu yeye na abiria wake. Ikibeba abiria kwa malipo, inahitaji na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini). Muulize muuzaji kama ana nyaraka za forodha za hiyo skuta. Kama hana, huwezi kuisajili hata ukitaka, na ukiinunua umenunua kitu ambacho trafiki yeyote ana haki ya kukishika.

Bima ndiyo inayoniuma zaidi. Sura ya 169, ile ya bima ya vyombo vya moto, inamgusa anayeendesha bila bima na pia anayeruhusu chombo chake kiendeshwe bila bima. Mzee, wewe ndiye mwenye kuruhusu. Kijana akimgonga mtoto Mbagala Rangi Tatu, mahakamani atasimama yeye, lakini madai ya fidia yatakufuata wewe pia kwa sababu alikuwa kwenye kazi yako. Nyumba ya Tabata ikiwa na jina lako, wanasheria wa upande wa pili wataiona.

Chukua bima ndogo (ya kumfidia mtu mwingine) kwa uchache, na iandikwe matumizi ya biashara. Watu wanakata ya binafsi ili kuokoa hela kidogo, ajali ikitokea akiwa na abiria wa kulipa, kampuni ina sababu ya kukataa. Hali ni hiyo hiyo dereva akiwa hana leseni: kampuni inaweza kumlipa aliyeumia kisha ikakugeukia wewe urudishe. Ukishalipa, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya pikipiki, usitegemee karatasi aliyokupa wakala. Na ujue bima ndogo hailipi pikipiki yako wala betri. Kwa pikipiki ya umeme, ambapo betri inabeba sehemu kubwa ya thamani yote, ulizia bima kubwa na uhakikishe betri imetajwa kwa namba yake.

Mzee_Tabata

Dada asante sana. Hilo la kuruhusu sikuwahi kuelezwa na mtu yeyote dukani. Skuta nimeiweka kando. Na hii ya kung'oa injini je?

Fundi_Temeke

Inawezekana, na nimefunga kadhaa. Ila kwa kazi ya bodaboda sikushauri, na sababu yangu ya kwanza siyo ya ufundi. Kadi ya Boxer ina namba ya injini. Ukiitoa, kadi inasema kitu kimoja na pikipiki inaonyesha kingine. Inabidi iende kukaguliwa na kadi irekebishwe, na bima ijulishwe. Usipofanya hivyo, Dada wa Bima ameshakwambia kitakachotokea siku ya ajali.

Kiufundi, fremu ya Boxer haina mahali pa betri kubwa. Watu wanaining'iniza pale injini ilipokuwa, maji ya mvua yanaruka moja kwa moja kwenye waya. Na ukitumia betri sita za asidi kupata 72V unabeba kilo karibu 40, huku breki zikiwa zile zile za zamani.

Kuhusu matengenezo ya pikipiki za umeme kwa jumla: vitu vinavyoharibika ni vichache, ila mafundi wengi wanabadilisha kabla hawajapima, na bili inakwenda kwa mteja. Pikipiki ikigoma kabisa kutembea, angalia kwanza swichi ya breki. Ikinasa, kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota) inadhani umeshika breki na inakata nguvu. Ni kitu cha bei ndogo. Ikitetemeka na kusitasita wakati wa kuondoka, pima waya nyembamba zinazotoka kwenye mota, zile za vihisio. Washa, zungusha tairi polepole kwa mkono, mita inatakiwa ipande karibu na 5V na kushuka hadi sifuri kwa kila waya wa ishara. Ikibaki pale pale, kihisio kimekufa au waya umekatika.

Kuna moja wiki hii ililetwa wakisema mota imeungua. Tairi la nyuma lilikuwa zito, linasukumika kwa kugomagoma hata ufunguo ukiwa umetolewa. Nikachomoa zile waya tatu nene zinazokwenda kwenye kontrola nikazitenganisha zisigusane. Tairi likazunguka kwa wepesi. Mota ni nzima, kontrola ndiyo imeunguza vipande vyake vya ndani. Na kwenye kiunganishi ukiangalia, pini zilikuwa na kutu ya kijani, maana dereva alikuwa anaiosha kwa mashine ya presha. Pikipiki ya umeme oshea kitambaa na maji kidogo. Mvua ya kawaida inaivumilia. Maji ya mafuriko, kama yale ya Jangwani, yakifika katikati ya tairi, simama.

Kigali_Moto

Kwetu Rwanda mjadala huu umeshavuka hatua. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili pikipiki mpya ya mafuta kwa kazi ya kubeba abiria. Ampersand wamekuwa na vituo vya kubadilisha tangu 2019, kwa hiyo wengi tunabadilisha. Kilichofanya iwezekane ni vituo kuwa karibu karibu. Mzee, kabla ya kuchagua njia ya pili chukua daladala upite njia za kijana wako, uhesabu vituo vilivyo wazi jioni. Usihesabu vile vilivyochorwa kwenye ramani ya kampuni.

Milima pia inakula betri. Ukipanda na abiria mzito unaona asilimia zinashuka mbele ya macho. Dar ni tambarare, mna bahati.

Dereva_Rangi3

Niongeze kwa niaba ya vijana. Pikipiki hizi hazina sauti. Mtu anavuka barabara akisikilizia, hasikii kitu, anaingia. Piga honi mapema, na taa iwake mchana. Nguvu yake ya kuondoka ni ya ghafla, abiria asiyeshika vizuri anabaki nyuma. Na mishikaki (kupakia abiria zaidi ya mmoja) usiruhusu kabisa. Licha ya faini, abiria wawili wanachosha mota na betri kuliko unavyodhani. Akigonga au akigongwa aripoti kituoni, aliyeumia apate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), asikimbie isipokuwa watu wameanza kumtishia uhai. Hapo akimbilie polisi.

Mzee_Tabata

Nimepiga hesabu na kijana wangu usiku huu. Njia ya pili tumeiacha kwa sasa, vituo havifiki Mbagala ndani kwa kiasi cha kutosha. Tunakwenda ya kwanza, betri mbili, moja atachajia kwa shemeji yake Kurasini mchana kwa makubaliano ya kulipia umeme. Kadi kwa jina langu, bima ya biashara, na tutaandikiana mkataba. Fundi, nikague nini kabla sijatoa hela? Na chumbani anachaji vipi salama?

Fundi_Temeke

Uliza betri ni ya aina gani, maana lithiamu ziko za LFP na za NMC. LFP inavumilia mizunguko 2,000 na zaidi na haishiki moto kirahisi. NMC ni nyepesi zaidi lakini huchoka mapema. Zote zinaweza kuandikwa 72V, ila NMC ya seli 20 ikijaa inasimama 84V, na LFP ya seli 24 inafika 87.6V. Chaja ya LFP ukiichomeka kwenye betri ya NMC unailisha kupita kiasi, na hapo unategemea BMS (kifaa cha ndani kinacholinda betri) peke yake ikuokoe. Kwa hiyo chaja ije na betri yake, kijana azipake rangi moja zisichanganywe na za jirani.

Usipime ikiwa imesimama. Ijazwe mbele yako, panda na mtu nyuma, itembee mpaka chini ya nusu, uone kama asilimia zinashuka taratibu au zinaruka kutoka 60 hadi 30. Zikiruka, seli hazilingani, iache hapo dukani. Namba za betri zote mbili ziandikwe kwenye risiti, siyo namba ya pikipiki tu.

Chumbani: asichaji ikiwa bado ya moto kutoka barabarani, isikae kati ya kitanda na mlango, na asitumie ekstensheni ile ya TV. Soketi iwe na waya wa 2.5 mm² kutoka kwenye sakiti breka yake. Akisikia harufu ya ajabu au akaona betri imevimba, atoke kwanza yeye na watu, azime swichi kuu akiweza, ndipo aite msaada. Hiyo mita ndogo na soketi nitakuja kumfungia Jumamosi, nitumie namba yake inbox.