Revox A77 ya mtumba: moshi, chaneli ya kushoto inakwaruza, rekodi zinatoka nzito

mkanda_robo
Habari wakuu. Nina Revox A77 ya mtumba, mashine ya kurekodia kwa mkanda wa rili, vichwa vitatu (kufuta, kurekodi, kusikiliza), kasi ya sm 9.5 na 19 kwa sekunde, ya kurekodia gita na uimbaji nyumbani. Ilipowaka dakika kumi hivi ilitoa moshi wenye harufu kali, kisha ikaendelea kuzunguka kama kawaida. Chaneli ya kushoto inakwaruza na kufifia. Mikanda ya zamani inalia vizuri upande wa kulia, lakini ninachorekodi sasa kinatoka kizito, matoazi hayasikiki. Halafu mkanda wa Ampex 456 unalia kama bawaba kavu na kuacha uchafu wa kahawia. Nianzie wapi? Umeme wa hapa ni volti 240.

fundi_lehemu
Usiiwashe tena kwanza, mkuu. Karibu hakika moshi huo ni wa kapasita ya karatasi ya chapa ya RIFA, yenye ganda la plastiki unaloweza kuona ndani yake. Ganda likizeeka linapata nyufa nyembamba kama nywele, unyevu unaingia kwenye karatasi, inachemka na kupasuka. Kazi yake ni kuzima cheche na kelele za umeme tu, ndiyo maana mashine inaendelea bila yake.

Chomoa waya ukutani, subiri dakika kadhaa, weka ya polipropilini daraja la X2 (la usalama, kwa umeme wa ukutani), mikrofaradi zilezile, volti 275 AC au zaidi. Ikiwa juu ya ile ya zamani pameandikwa na omu pia, ndani yake kuna rezista, hivyo mpya nayo iwe nayo.

Mashine hizi zilitengenezwa 1967 hadi 1977, kwa hiyo badilisha na kapasita za mota. Ziwe za AC za kuendeshea mota. Ukiweka elektroliti ya kawaida ya DC itapasuka. Hakikisha kiteuzi cha volti kiko kwenye 240, kisha washa mara ya kwanza ukiwa umeunga balbu ya nyuzi ya wati 100 mfululizo na waya wa umeme. Kung'aa kiasi ni kawaida, mota zinavuta. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti. Na ile plagi fupi kwenye soketi ya rimoti usiing'oe: bila hiyo vitufe havishiki.

sauti_safi
Kwa mkwaruzo: bodi za kusikilizia za kushoto na kulia zinachomekwa na zinafanana. Zima, zibadilishane nafasi. Tatizo likihamia kulia, liko ndani ya bodi. Lisipohama, safisha soketi na swichi. Kwenye bodi, mara nyingi ni zile potenshiometa (rezista za kuzungusha) ndogo za kurekebishia. Kabla ya kuing'oa pima omu kutoka mguu wa kati hadi kila mguu wa pembeni, uandike, kisha weka mpya ya kaure ukiipangia vipimo hivyo hivyo.

Rekodi kuwa nzito huku mikanda ya zamani ikilia vizuri kunaonyesha kichwa cha kurekodia au bayasi (mkondo wa masafa ya juu unaochanganywa na sauti wakati wa kurekodi). Anza na uchafu, ni bure: pamba na aisopropili ya asilimia 99. Spirit ya rangi inaacha utando. Gurudumu la mpira lifute kwa maji na sabuni kidogo.

rili_kumi
Huo Ampex usiuchezeshe tena. Gundi inayoshika unga wa sumaku imenyonya unyevu, na hewa ya pwani inaharakisha hilo. Tiba ni kuukausha kwa nyuzi 54 za Selsiasi kwa saa nane kwenye kikaushio cha matunda chenye feni, halafu upoe taratibu. Oveni ya gesi itaupinda. Kabla ya kukausha mkanda wowote wa zamani, inua rili mbele ya taa: ukiona mwanga unapenya pembeni mwa rundo, huo ni wa asetati, usiukaushe kabisa. Ukishaponya 456, nakili yaliyomo. Usiurekodie upya, utarudia hali yake.

mkanda_robo
Nimebadilisha kapasita, imetulia. Mkwaruzo umehamia kulia. Baada ya kusafisha, rekodi bado nzito kidogo. Naweza kurekebisha bayasi bila mkanda wa majaribio (ule uliorekodiwa kiwandani kwa vipimo sahihi)?

sauti_safi
Bayasi ndiyo, kwa mkanda mpya utakaoutumia daima. Kasi 19, ingiza mlio wa kHz 10 kutoka kwenye kompyuta, dB 20 chini ya kiwango cha kawaida. Rekodi huku swichi ya kusikiliza ikiwa kwenye TAPE. Punguza bayasi, kisha ipandishe polepole: mita itapanda hadi kilele, halafu ianze kushuka. Endelea hadi ishuke dB zilizoandikwa na mtengenezaji wa mkanda, kwa kasi hii mara nyingi 4 hadi 6. Ikizidi, sauti inakuwa nzito. Ikipungua, inachakaa na kukwaruza. Fanya kila chaneli kivyake.

Ila skrubu ya kurekebisha mwelekeo wa kichwa cha kusikilizia usiiguse bila mkanda wa majaribio. Ukiilinganisha na rekodi zako mwenyewe, unakinyoosha kwa rula iliyopinda, na mikanda ya watu wengine yote itatoka nzito.